Mama Amewashukuru Mapema

Brackenshaw, Lancashire
30 Agosti 1897

Mdogo wangu Jabez,

Keti kwanza ndipo usome. Mimi mzima, paka mzima, na wa tatu ndiye ninayekuandikia habari zake. Mama amepelekwa hospitali ya wendawazimu kule Gorse Moor. Nimelisema mapema ili usihangaike kulitafuta, maana nakujua unavyosoma barua, unaruka mistari kama mbuzi anaruka kamba.

Ilikuwa hivi. Juma la mapumziko mitambo ilizimwa kama kila mwaka, moshi ukaisha mpaka vilima vya ng'ambo vikaonekana, na mji mzima ukabeba mabegi kwenda pwani, Morecambe. Mama akakataa. Alisema magoti yake hayataki ngazi za treni, mimi niende nikapigwe upepo, nimefuma mwaka mzima. Nikaenda. Usiniulize kama najuta.

Jumatano akatoka na kikapu kwenda sokoni. Alipofika chini ya dirisha la Bi Pilling akasimama wazungumze. Unakumbuka tangu Bi Pilling apooze hatoki kitandani, wamemsogeza dirishani ghorofani, na wote wawili masikio yao mashine ziliyala zamani. Basi wakawa wanasema kimdomo, kama walivyosemezana miaka yote kiwandani, huyu mwanzo wa safu na yule mwisho. Sauti hakuna, midomo tu inatanuka, na nyusi, na kidole kidogo. Mtoto wa hapa asingegeuka hata kutazama. Lakini polisi wa zamu ni mgeni, ametoka Kent juzijuzi. Yeye aliona bibi kizee amesimama peke yake barabarani, anaukunjia ukuta sura, anacheka, anautikisia kidole, na hatoi sauti. Akamwuliza jina kutoka nyuma. Mama angesikiaje? Akamshika bega. Mama akageuka akampiga kikapu, na kikapu kilikuwa na viazi.

Siku nyingine yoyote watu kumi wangesema, huyo ni Tabitha Ormerod, mfumaji, hasikii, mwache. Hao kumi walikuwa ufukweni wanakula kamba. Bi Pilling alipiga kelele kule juu, lakini kelele zake na yeye ni za midomo, na hakuna aliyeinua kichwa. Wakampeleka Mama nyumba ya maskini. Daktari wa pale naye ni mgeni, wa London. Akamwandikia kichaa, Bwana Aspinall akatia sahihi kama hakimu, na niliporudi na mchanga viatuni nikakuta mlango haujafungwa na jiko limepoa. Aliyenieleza ni Bi Pilling, kutoka dirishani, analia.

Usiwe na wasiwasi. Ni kosa tu, na kosa husahihishwa. Nimeomba ruhusa kiwandani, nakwenda kumchukua.

Dada yako,
Zillah


Fall River, Massachusetts
12 Septemba 1897

Dada Zillah,

Kwa ubishi wangu nilianza kuisoma nimesimama, kisha nikaketi mwenyewe. Halafu, nisamehe, nilipofika kwenye viazi nikacheka mpaka mke wangu Honor akaja kuangalia nimepatwa na nini. Nikamweleza naye akacheka. Sasa tunaona aibu wote wawili, lakini najua barua hii ikifika Mama ameshakaa jikoni kwake anakukosoa unavyokata mkate.

Ikiwa bado, jambo ambalo siamini, nenda kwa Bwana Aspinall. Ndiye aliyenifundisha darasa la Jumapili, ndiye aliyenipa Biblia nilipokuwa naondoka, na machozi yalimlengalenga. Akishindwa yeye, nenda Bodi ya Maskini. Ikishindwa Bodi, nenda chama cha wafumaji, nenda duka la ushirika, nenda kanisani. Mji wetu una mlango kwa kila shida, Dada, na milango hiyo tuliijenga wenyewe. Ndicho ninachowatambia watu wa huku. Huku mtu akianguka, ameanguka.

Kipande hiki kilichokunjwa ni cha Mama, msomee kimdomo. "Mama, mwanao nakusalimu. Honor ana mimba, tutapata mtoto mwakani Mungu akipenda. Ukimpiga polisi tena, tumia turnipu, ni nzito zaidi."

Wako,
Jabez


Brackenshaw
4 Oktoba 1897

Mdogo wangu,

Kipande chako cha Mama ninacho mfukoni. Sijamsomea. Hajarudi.

Nimebisha milango yako yote. Nilianza kanisani, kwa mzee wa kanisa, ambaye ni Bwana Aspinall. Akanipa chai, akaniombea kwa sauti nzuri, akasema suala lenyewe ni la Bodi. Nikaenda Bodi ya Maskini. Mwenyekiti wa Bodi ni nani? Bwana Aspinall. Akaniambia Bodi haiwezi kupinga daktari, labda chama. Katibu wa chama akaandika barua nzuri, ya adabu na yenye nguvu, akaipeleka kwa hakimu aliyetia sahihi. Hakimu ni huyohuyo. Duka la ushirika wakasema watazungumza na mwenyekiti wao, na sina haja ya kukutajia jina. Tangu uondoke wamezidi kumchagua kila mahali kwa sababu ni mwema na ana nafasi. Ndiyo kesi ya nyani kuipeleka kwa ngedere, ila huyu ngedere ana huruma kabisa, na hilo ndilo linaniua. Angekuwa mbaya ningemtukana nikapumua.

Nilimwambia, Bwana Aspinall, wewe umekulia hapa, unajua wafumaji wanasema kimdomo. Akasema anajua, kiwandani, ambako kuna kelele. Barabarani, mbele ya ukuta, yeye muuza vitambaa hawezi kumbishia mtu aliyesomea akili za watu. Kisha akanishika mkono.

"Binti yangu, nikiwa nyumbani nakuamini. Nikiwa kwenye meza ya Bodi mimi ni mmoja tu kati ya watano."

Gorse Moor wanaruhusu kuonana mara moja kwa mwezi. Nimemwona, kabla kipande chako hakijafika. Wamemvika gauni la kijivu la mtu mrefu kuliko yeye. Aliponiona midomo yake ikaanza tu kunisemesha, kisha akaifunika kwa kiganja, maana akisema kimdomo wanaandika kwamba anaongea na asiowaona. Na akitumia sauti, unaijua sauti ya Mama, hajisikii, anapaza kama anaita ng'ombe, basi wanaandika ana fujo na kumfungia chumba cha peke yake. Akae kimya? Wanaandika amezama ndani ya nafsi. Nikamfuata daktari nikamweleza tangu mwanzo, mashine, kelele, midomo. Alinisikiliza vizuri sana. Baadaye mwuguzi mmoja, msichana wa Burnley, akaninong'oneza kuwa daktari ameandika huenda ugonjwa huu uko katika ukoo. Tangu siku hiyo na mimi naogopa kuchezesha mdomo mle ndani.

Mwezi wa kumi na moja kamati ya wakaguzi itakaa, nao wanaweza kumwachia. Nimeanza kumfundisha Mama kushusha sauti. Anaweka vidole kooni kwangu, kisha kooni kwake, anajaribu mpaka zilingane. Amekuwa mwanafunzi, Jabez, na umri wote ule. Tukifanikiwa, tumefanikiwa kwa hilo. Hatuna lingine.

Nisalimie wifi.
Zillah


Fall River
17 Oktoba 1897

Dada,

Sikucheka safari hii. Nimekwenda kwa msimamizi kuomba niachiwe nije, akasema nikiondoka nimeondoka. Honor amevimba miguu, na daktari wa huku amemkataza kusimama. Nitakuja masika, mtoto akishazaliwa. Nimeandika neno masika nikaliona lilivyo mbali.

Hata hivyo nimewaza hili usiku na mchana, nikapata jambo. Wale wanamwona Mama mjinga kwa sababu akiulizwa hajibu. Hajibu kwa sababu hasikii. Lakini anaona, na hakuna mtu Lancashire nzima anayesoma midomo kumshinda Mama. Utotoni hatukuweza kunong'onezana hata chini ya meza. Basi mwambie asiangalie sakafu. Aikazie macho midomo ya kila mjumbe, na kila neno atakaloliona alijibu, lisipite hata moja, kwa sauti ya chini kama ulivyomfundisha. Na mwisho awashukuru. Mabwana wanapenda kushukuriwa. Wakiona hivyo nani atasema huyu hana akili?

Mwambie ni mimi nimesema.

Jabez


Brackenshaw
1 Novemba 1897

Mdogo wangu,

Barua yako imefika jana, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kuonana. Nimempa Mama maneno yako kama yalivyo, mgongo tumewapa wauguzi. Umemfurahisha. Amesema Jabez siku zote alikuwa na akili, ila aliificha ili asitumwe. Nikamsomea pia habari za mjukuu, akanifanya niirudie.

Sauti ameiweza. Jinsi alivyoniaga, ungedhani ni mke wa kasisi. Kamati itakaa wiki ijayo, na Bwana Aspinall ni mjumbe huko pia. Ameniahidi hatasema neno baya, nami namwamini. Nimefua mapazia, nimenunua makaa mazuri. Bi Pilling anauliza kila asubuhi.

Zillah


Brackenshaw
14 Novemba 1897

Mdogo wangu,

Wamesema bado. Watamtazama tena mwakani.

Alijibu vizuri, usifikiri alikosea. Kamati zina mambo yake. Mimi sikuwamo chumbani, sina mengi ya kukueleza, na baridi ya huku imeanza mapema. Usije. Bahari ya wakati huu si ya mtu mwenye mke mjamzito. Mtunze wifi, umpashie maji ya miguu.

Mama anakusalimu sana. Amesema nikwambie anakusalimu sana.

Zillah


Hospitali ya Mkoa ya Wagonjwa wa Akili
Gorse Moor
10 Desemba 1897

Bw. J. Ormerod,
Fall River, Massachusetts.

Yah: Mgonjwa Tabitha Ormerod

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimeelekezwa na Kamati ya Wakaguzi kukiri kupokea barua yako, ambamo unaomba kujua sababu za mama yako kutoruhusiwa, kwa kuwa, kama unavyosema, dada yako hakukueleza.

Ningependa kukuhakikishia kwamba Kamati ilimpokea mgonjwa kwa nia njema. Aliulizwa jina lake, jina la Malkia, na siku za juma. Alijibu yote kwa usahihi na kwa sauti ya upole, jambo lililowapendeza wajumbe. Aliombwa kusubiri ukumbini, na mlango, ambao ni wa kioo, ukafungwa ili Kamati ishauriane kwa faragha. Sivunji siri nikisema kwamba wajumbe wote watano walikubaliana aruhusiwe kurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Kabla hajaitwa, na kabla mtu yeyote hajamjulisha uamuzi huo, mgonjwa aliinuka kwenye kiti chake upande wa pili wa ukumbi, akainama mbele ya mlango uliofungwa na kusema, "Asanteni sana, waheshimiwa. Mungu awabariki. Naomba kofia yangu." Alipoulizwa nani amemwambia kwamba anaondoka, alijibu kuwa wajumbe wenyewe wamemwambia, na kwamba hakuacha neno hata moja lipite.

Utaelewa kwamba mgonjwa ni kiziwi kwa uthibitisho wa daktari. Mtu asiyesikia anapodai kuyasikia mazungumzo yaliyofanyika nyuma ya mlango uliofungwa, tena akayaitikia, hiyo ni dalili ya wazi ya ugonjwa wa kusikia sauti. Mjumbe mmoja alikumbusha kuwa wafumaji wa mji wake wana desturi ya kutazamana midomo. Daktari alieleza kwamba desturi hiyo, hata kama ipo, haiwezi kuvuka ukumbi mzima na kioo juu yake. Mjumbe huyo hakuendelea. Uamuzi ulibatilishwa kwa kauli moja.

Mgonjwa anakula vizuri. Kamati inakutakia heri ya Krismasi.

Wako mtiifu,
E. Fairbrother
Katibu


Fall River
22 Desemba 1897

Dada,

Umenificha. Nimeandikiwa na katibu, na ameandika vizuri, kila kitu nimekielewa.

Alijibu kila neno aliloliona, lisipite hata moja. Na mwisho akawashukuru. Nimeisoma mbele ya Honor nikashindwa kumaliza, akaichukua akamaliza yeye. Anasema si mimi. Wewe pia utasema si mimi. Sasa niambie, kama si mimi, Mama alikuwa anamtii nani pale ukumbini?

Alikuwa ameshaachiwa, Zillah. Angetazama sakafu tu angekuwa nyumbani.

Jabez


Brackenshaw
9 Januari 1898

Mdogo wangu,

Nilikuficha ndiyo, na ningekuficha tena. Nilijua utajitwika lawama. Ulimwambia Mama aonyeshe akili yake, akaionyesha. Mimi sijaona kosa hapo, na nimelitafuta sana, maana nina hasira na sina wa kumpa. Nilikwenda kwa Bwana Aspinall. Alijua, Jabez. Alimwona Mama kupitia kioo, akaona anavyomtazama mdomoni, akajua anasomwa. Alisema mara moja, daktari akamjibu mara moja, basi. Aliniambia hayo kwake nyumbani, machozi yanamtoka kweli, mkewe akatuletea keki. Nimeila. Sijui kwa nini nimeila.

Jana nimemwona Mama, mara ya kwanza tangu kamati, maana Desemba hawakuruhusu wageni. Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilitaka kumwambia kwamba hukumkasirikia, kwamba Bi Pilling amefariki usiku wa kuamkia mwaka mpya, na kwamba kamati itakaa tena wakati wa masika na tusikate tamaa. Alikuwa kwenye benchi, amenyooka, mikono mapajani. Nikamgusa bega, akanijua kwa mkono wangu, akatabasamu. Lakini hakufumbua macho.

Nikamtikisa kidogo. Nikamwinua kidevu. Akaufuata mkono wangu na macho yamefumbwa vilevile, amekaza kope kama mtoto anayejifanya amelala. Yule msichana wa Burnley akaniambia amekuwa hivyo tangu kamati. Mtu akimsogelea tu, anafumba. Anafumbua akiwa amegeukia ukuta, au akila, na wakati wa kula haangalii zaidi ya sahani. Hakuna aliyemlazimisha. Amelitafakari mwenyewe akaona kwamba kinachomweka hapa ni maneno anayoyaona, basi ameamua asiyaone.

Nilimshika nikamwandikia kiganjani kwa kidole, herufi moja moja, lakini unajua Mama hajawahi kujua kusoma zaidi ya jina lake. Nikaandika jina lake. Akacheka kidogo, akanifunga kiganja, akaniambia kwa ile sauti ya chini niliyomfundisha, hata mgonjwa wa benchi la pili hakuisikia:

"Zillah, waambie siku hizi sisikii kitu."

Nikamjibu. Nilimjibu mara nyingi, kwa sauti na kimdomo, nimepiga magoti mbele yake, sikujali tena nani anaandika nini. Naye akawa anasubiri kwa upole tu, uso umenielekea, ananisubiri nimalize kazi yoyote niliyokuwa nayo pale. Kengele ikapigwa, nikaondoka.

Daktari nilimkuta mlangoni. Alifurahi kuniona. Ameniambia Mama anaendelea vizuri sana.

Dada yako,
Zillah